Shajara ya mradi: karavani inayolia shingoni

Jumatatu, karakana, Kisauni, Mombasa

Iliyoingia ni karavani, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ya ekseli moja, uzito wa juu kilo 1,300, inayovutwa na Prado. Breki zake ni za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma kwa nyuma, shafti ya kichwa (kichwa ni kikombe cha mbele kinachoshika goroli, tufe la chuma lililo nyuma ya gari) inaingia ndani na kuvuta waya za breki. Kichwa chenyewe ni cha stebilaiza. Ndani mna pedi zinazobana goroli ya milimita 50 ili karavani isitikise mkia barabarani, jamii moja na AKS 3004 ya AL-KO au WS 3000 ya Winterhoff. Hilo la stebilaiza likumbukwe, maana ndilo lililoleta nusu ya matatizo.

Lalamiko liliandikwa "inapiga kelele mbele". Haitoshi. Tulipoizungusha uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, milio ilijitenga mitatu:

– kwiii nyembamba gari likikata kona polepole;
– mngurumo mkavu, mzito, karavani ikipita tuta;
– kishindo kimoja wakati wa kufunga breki, na kingine gari likiondoka.

Kila mmoja una asili yake. Anayechukua pampu ya grisi kabla ya kuitenganisha milio hii atanyamazisha mmoja kwa wiki moja na kuuharibu mwingine kabisa. Karavani hii ilikwisha kupitia mikono ya aina hiyo: goroli imepakwa grisi nyeusi, na pedi za ndani zinang'aa.

Jinsi ya kuitenganisha. Gari na karavani vikiwa vimeungana kwenye sakafu iliyo sawa, weka vigingi kwenye magurudumu, zima injini. Mmoja asimame kwenye pembetatu ya chuma iliyo mbele ya karavani na kuinesanesa. Mwingine ashike bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, ahame kituo kwa kituo: kichwa, shingo ya goroli, boliti za bamba linaloshika goroli, chuma cha kuvutia cha gari kinapoingia kwenye chasisi. Mlio ukiwa hapo hapo utausikia ukikuingia kichwani. Ukiwa mbali unasikika kama uko chumba cha pili.

Kwa kwiii ya kona kuna jaribio fupi zaidi. Stebilaiza ina mkono wake wa kubania, mbali na komeo linaloshika goroli. Uinue huo mkono, hakikisha alama ya komeo bado inaonyesha kijani, zunguka tena uwanjani. Kwiii ilikufa pale pale. Basi ni pedi.

Mngurumo haukubadilika. Hapo tulitumia maji: chupa yenye tundu kwenye kifuniko, miminia mahali pamoja tu, nesanesa, sikiliza. Chuma kikavu kinachosuguana na chuma kikipata maji hunyamaza kwa dakika chache. Anza chini, panda juu, la sivyo maji yanatiririka na kukudanganya. Maji yalipoingia kati ya bamba la goroli na chuma cha kuvutia, mngurumo ulikatika. (Hii ndiyo sababu karavani nyingi za pwani hazilalamikiwi wakati wa masika. Mvua inazifunika aibu zake mpaka jua lirudi.)

Kishindo tumekiacha kwa siku yake.

Jumanne, vipimo

Goroli kwanza, baada ya kuifuta. Kwa kalipa: ubavu kwa ubavu milimita 49.7, mbele kwa nyuma 49.4. Huliwa zaidi mbele na nyuma kwa sababu huko ndiko inakovutwa na kusukumwa. Mpaka wa kawaida wa kuitupa ni 49.0 upande wowote. Hii bado ina maisha. Pima pande tatu au nne, usipime mara moja ukaridhika, maana goroli iliyoliwa upande mmoja inaweza kukupa namba nzuri upande wa pili.

Shingo ya goroli nayo itazamwe. Kichwa cha stebilaiza ni kirefu kuliko cha kawaida, kinahitaji goroli yenye shingo ndefu. Ukikifunga kwenye goroli fupi, kichwa kitagonga bamba kwenye miinuko, na kishindo chake kinafanana sana na cha shafti mbovu. Hapa shingo ni ndefu ipasavyo.

Kisha uzito wa pua, yaani uzito unaolala juu ya goroli. Tulitumia mizani ya bafuni, ubao wa kusambaza uzito juu yake, na kipande cha mbao kilichokatwa ili kichwa kikae kwenye kimo kile kile cha goroli. Karavani iwe sawa kwa upande, handibreki imeachiwa, magurudumu yana vigingi. Jibu: kilo 42.

Kidogo mno. Ikiwa na mizigo yake karavani hii ina kilo 1,180, na kwa aina hii pua inatakiwa ibebe asilimia 5 hadi 7, yaani kilo 59 hadi 83. Pua nyepesi inaruka kwenye matuta, pedi ya mbele inasugua kwa mshtuko, na karavani yenyewe inaanza kuyumba kwa kasi. Chanzo kilionekana haraka: mtungi wa akiba wa gesi, wa kilo 13, ambao ukijaa na chuma chake unakaribia kilo 27, ulikuwa umewekwa jikoni nyuma ya ekseli. Umehamishiwa sanduku la mbele lenye matundu ya hewa, ambako ndiko ulikopaswa kuwa hata kwa usalama tu. Mizani sasa inasoma 69. Kabla ya kuongeza, soma vibandiko viwili, cha kichwa cha karavani na cha chuma cha kuvutia cha gari. Kilicho na namba ndogo ndicho kinachotawala.

Jumatano, pedi na goroli

Kwa nini pedi zinalia? Zimetengenezwa zishike, siyo ziteleze. Zikipata grisi, zinashika nusu: zinanasa, zinaachia, zinanasa, mara nyingi kwa sekunde, na chuma chote cha shingo kinaitika kama zeze linapopitishwa upinde. Joto la msuguano linaichoma grisi ile ikichanganyika na vumbi na rangi, inakuwa ngozi ngumu inayong'aa juu ya pedi. Ukiongeza grisi, kwiii inapotea kwa safari chache, na pamoja nayo inapotea kazi ya stebilaiza. Dereva anafurahi kimya huku karavani haina tena kitu cha kuizuia isiyumbe kwenye mteremko wa Mazeras, mbele ya malori.

Kanuni, basi, ni mbili na hazichanganywi. Kichwa cha kawaida kisicho na pedi: goroli ipate grisi, ukubwa wa haragwe unatosha, na uifute ya zamani kwanza kwa sababu imebeba mchanga. Kichwa chenye pedi: goroli iwe kavu, chuma kitupu, bila grisi wala rangi. Hata goroli mpya ya duka, ikiwa imepakwa rangi nyeusi, inakwanguliwa kabla ya kufungwa.

Tulivyofanya:

Goroli ilifutwa kwa kitambaa na mafuta ya taa kuondoa grisi nzito. Mafuta ya taa yenyewe huacha utando, hivyo yalifuatwa na sprei ya kusafishia breki, vitambaa vitatu, mpaka cha mwisho kikatoka cheupe. Msasa namba 240 kwa kuzungusha, siyo kwa kuvuta mbele na nyuma, kisha sprei tena. Kuna vidonda vya kutu upande wa juu, ukucha unavigusa lakini haukwami, vimelainika. Ukucha ukikwama, badilisha goroli, maana kidonda kitaichuna pedi mpya kama jembe.

Pedi ya mbele na ya nyuma zilikuwa na ngozi ya juu tu. Msasa ule ule umezungushiwa kijiti cha mviringo, zikasuguliwa mpaka weusi unaong'aa ukawa kijivu kisichong'aa. Pedi mbili za pembeni zilikuwa zimelowa hadi ndani: ukizipiga sprei zinatoa jasho la mafuta baada ya robo saa. Hizo hazifufuki. Zimewekwa mpya, zikifungwa kwa jozi, kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji wa kichwa.

Hapa pana kishawishi, tena mjini kwetu ni kikubwa. Mwembe Tayari utapata fundi wa kubandika lining za breki ambaye atakukatia pedi ya umbo lolote ukisubiri. Kazi yake kwenye lining ni safi, lakini hapa hapana. Lining ya breki ina ugumu uliopangiwa dramu ya chuma inayozunguka. Kwenye goroli itakwaruza au itateleza, na unene ukipungua au kuzidi hata milimita moja mkono wa stebilaiza haukai tena mahali pake na alama ya kuonyesha uchakavu inasema uongo. Vipuri vya karavani havikai kwenye maduka ya kawaida ya Mombasa, huagizwa. Kama pedi hazijafika, tembea na mkono wa stebilaiza umeinuliwa, mwendo wa chini, kuliko kutembea na pedi za kubuni.

Petroli isitumike kusafishia. Inaacha mafuta, na chumba kilichofungwa chenye mvuke wake hakihitaji cheche kubwa.

Alhamisi, bamba na boliti

Bamba la goroli limeshikwa na boliti mbili za M16 (unene wa milimita 16), sentimita 9 kutoka kitovu hadi kitovu. Spana 24. Zilitoka kwa urahisi uliotia shaka. Kati ya bamba na chuma cha kuvutia kulikuwa na: rangi ya kiwandani, rangi ya pili ya brashi, kipande cha bati kinachoshika soketi ya taa, rangi tena, na unga mwekundu wa kutu. Boliti inabana kile kilichopo katikati yake. Kikiwa ni rangi na kutu, kinasagika kidogo kidogo na kubana kunapotea ingawa nati haijazunguka hata nyuzi moja. Hapo nyuso mbili za chuma zinasuguana kila tuta. Ndio mngurumo.

Pia boliti moja ina alama ya 8.8, daraja la nguvu ya chuma chake, kichwani na nyingine haina alama yoyote. Isiyo na alama hairudi kwenye kazi ya kuvuta, hata ikionekana mpya.

Nyuso zilipigwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, zikapata mkono mmoja mwembamba wa praima ya zinki, ukaachwa ukauke sawasawa. Praima nene ni rangi kwa jina lingine, itasagika vilevile. Bati la soketi limehamishwa nje ya mkandamizo, limefungwa kwa boliti zake ndogo. Boliti mpya mbili M16 za 8.8 zilizopakwa zinki, washa ngumu, nati za kujifunga zenye pete ya nailoni. Zimekazwa kavu, bila grisi kwenye uzi, kwa Nm 195 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Karatasi ya chuma chako ikisema namba nyingine, fuata karatasi.

Asiye na spana ya kipimo: bomba kwenye spana, likiwa limelala sawa, na uzito wa kilo 40 ukining'inia kwa utulivu nusu mita kutoka kitovu cha boliti, unatoa karibu Nm 196. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliopunguzwa kilo kumi unafanya kazi hiyo. Mtu kupiga teke bomba si kipimo.

Tulipokuwa chini, boliti nne za M12 zinazoshika chuma cha kuvutia kwenye chasisi zilijaribiwa kwa Nm 80. Mbili zilizunguka robo. Alama ya rangi nyeupe imechorwa kutoka nati hadi chuma, ili siku nyingine jicho pekee litoe jibu.

Kila mshono wa kuchomelea ulisafishwa na kutazamwa kwa tochi. Mstari mwembamba wa unga wa rangi ya kahawia unaotoka kwenye mshono ni ufa unaopumua, na ufa nao hulia. Hapa hakuna. Ungekuwepo kwenye chuma cha kuvutia, fundi mzuri angeurekebisha. Kwenye goroli au kwenye kichwa chenyewe, hakuna kuchomelea kabisa, kinabadilishwa.

Kwa wale ambao magari yao yana bomba la mraba la Kimarekani la inchi 2: mlio wenu mara nyingi uko kwenye nafasi kati ya bomba na kipande kinachochomekwa ndani, na kwenye pini ya inchi 5/8. Safisha kutu ya ndani, paka utando mwembamba wa grisi ya shaba ili visishikane kwa chumvi, kisha funga kibano cha U kinachovuta vipande viwili visicheze. Goroli za huko mara nyingi ni inchi 2, yaani milimita 50.8, au inchi 1 7/8. Kichwa cha milimita 50 juu ya goroli ya 50.8 kinaweza kukubali kufunga kwa nguvu na kikagoma kufunguka, na goroli ya 1 7/8 ndani ya kichwa cha 50 ni ajali inayosubiri tuta.

Ijumaa, shafti na kishindo

Nusu siku tu, hadi adhana.

Mpira wa kuzuia vumbi kwenye shafti ulikuwa umepasuka upande wa chini, usioonekana mtu akisimama. Ndani: mchanga wa ufuoni na grisi iliyokauka. Nipo za grisi, vile vichuchu vya kupigia pampu, ziko mbili juu ya nyumba ya shafti. Moja ilikuwa imeziba, pampu inarudisha grisi nje. Nipo mpya, shilingi chache, usihangaike kuzibua kwa sindano.

Shafti ilifutwa kwa mafuta ya taa, ikasukumwa ndani na kuvutwa nje huku grisi ya lithiamu namba 2 ikipigwa mpaka grisi safi ikatokeza mbele. Imekula kiasi cha robo ya katriji ya gramu 400. Grisi ya baharini ingekuwa bora zaidi kwa hewa hii, na bei yake haitofautiani sana. Angalia tu isichuruzike kuelekea goroli. Funga mfuko wa plastiki kichwani wakati wa kazi. Mpira mpya ulivalishwa kwa sabuni ya maji. Grisi haifai hapo, kwa kuwa grisi ya kawaida huulainisha mpira na kuutia nyufa.

Kucheza kwa shafti juu na chini: milimita moja na nusu. Bushi ni nzima.

Shoki iliyo ndani ya shafti ilijaribiwa hivi: vuta handibreki, sukuma karavani nyuma mpaka shafti iingie yote, achia. Inapaswa kurudi yenyewe, polepole na bila kusita. Ilirudi vizuri. Ikibaki ndani, au ikiingia bila ukinzani wowote, shoki imekufa na hakuna grisi itakayoisaidia.

Basi kishindo kinatoka wapi? Kutoka magurudumuni. Breki zilikuwa zimelegea, hivyo shafti inasafiri karibu mwendo wake wote kabla ya lining za breki kugusa dramu, na mwishoni inagota. Kosa la kawaida ni kukaza fito ndefu ya katikati chini ya karavani. Usiiguse kwanza. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, lizungushe kwa mwelekeo wa kwenda mbele tu (ukilirudisha nyuma unaamsha utaratibu wa kurudi nyuma na breki inajiachia yenyewe), kaza nyota ya kurekebishia kupitia tundu la bamba la nyuma ya breki mpaka gurudumu ligome, rudisha taratibu mpaka lizunguke huru. Fanya pande zote mbili. Ndipo uondoe ulegevu unaobaki kwenye waya, kisha fito. Shafti sasa inasafiri chini ya nusu ya mwendo wake kabla breki hazijashika.

Boliti mbili zinazofunga kichwa kwenye shafti zilipata nati mpya. Zile za kujifunga ni za matumizi ya mara moja.

Jumamosi, barabarani

Njia ilichaguliwa kwa milio: matuta ya Bombolulu, viungo vya Daraja la Nyali, kona za mzunguko mjini, halafu kivuko cha Likoni maji yakiwa yametoka. Likoni ni kipimo kisicho na huruma. Mteremko wa kuingia feri unakuwa mkali maji yakishuka, na gari linapopanda ulimi wa feri huku karavani bado iko mteremkoni, kichwa kinakunjwa kuliko popote pengine mjini. Wakati wa bamvua inazidi. Kama kichwa kinagusa bamba, utasikia pale, na abiria wote watasikia.

Mngurumo: hakuna. Kishindo: hakuna, hata kwa breki ya ghafla mwendo wa 40. Kwiii: ilikuwepo, nyembamba, mwanzo wa safari, ikapotea kabla ya kufika mjini. Pedi mpya na goroli iliyopigwa msasa zinahitaji muda wa kuzoeana, kwa hiyo usikimbilie sprei tena. Ikirudi na kuendelea, jambo la kwanza ni kuangalia kama kuna mtu aliyepaka grisi.

Likoni ilitoa mlio mpya, krii fupi wakati wa kupinda upande tu. Chupa ya maji ikaupata kwenye kibano cha kigurudumu cha mbele, ambacho bomba lake linasugua chuma. Ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli umezungushwa mara mbili ndani ya kibano. Basi.

Jumatatu, kukaza tena

Boliti mbili za M16 zilijaribiwa tena kwa Nm 195. Moja ilisogea kidogo sana, praima imekaa. Alama nyeupe imechorwa upya. Zitajaribiwa tena karavani ikirudi kutoka Diani.

Mwenye karavani amepewa maagizo yafuatayo. Baada ya kukaa ufuoni, osha shingo na shafti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha vikauke. Goroli ifunikwe kwa kifuniko kikavu, siyo mfuko uliokuwa na grisi. Nipo mbili zipigwe grisi upepo ukibadilika, mwanzo wa kusi na mwanzo wa kaskazi, pampu nne au tano kila moja. Mkono wa stebilaiza uinuliwe kabla ya kurudi nyuma na kabla ya kona kali za kuegesha.

Bado kuna mlio mmoja ndani, bawaba ya kabati la vyombo. Ameombwa alete bawaba mbili za shaba, zile za chuma zimekwisha.